Tusome Vichwa vya Bolti: Vifungio vya Gari la Shamba



Siku moja, miaka michache nyuma, tulipanda gari la shamba kutoka mjini kwenda Makunduchi. Lilikuwa gari la bodi la mbao, kama yale ambayo Unguja imeyajua kwa miaka mingi. Kulikuwa na mabenchi marefu pembeni. Juu ya paa kulikuwa na magunia, godoro na mikungu ya ndizi. Ndani tulikuwa watu wengi, tumebanana goti kwa goti.

Tulipofika karibu na msitu wa Jozani, kima punju wakakatisha njia. Dereva akakanyaga breki. Gari likasimama, lakini benchi letu halikusimama. Liliteleza mbele na watu wote waliokuwa juu yake. Mama mmoja mzee alianguka chini, akavunjika mkono.

Baada ya kumteremsha yule mama na kumfunga mkono kwa kanga, tuliinama tukatazama chini ya benchi. Tulikuta matundu manne ya bolti. Tundu la kwanza lilikuwa tupu. La pili lina bolti isiyokuwa na nati. La tatu limefungwa kwa waya. Tundu la nne tu ndilo lililokuwa na bolti yake na nati yake, nayo imelegea hata tuliweza kuizungusha kwa vidole.

Nati moja ni pesa ndogo sana. Mkono wa yule mama ulikuwa ndio mkono wa kulimia, wa kupikia na wa kubebea wajukuu.

Ndani ya gari lile walikuwamo watu waliolipanda kila wiki. Na sisi tulikuwamo. Sote tulikuwa na macho, wala hapana aliyekuwa ameinama kutazama. Ndiyo maana leo tunataka tujifunze pamoja juu ya vitu vidogo vinavyoshika gari kubwa. Vitu hivyo tutaviita vifungio.

1. KWA NINI VIFUNGIO HULEGEA?

Bolti iliyokazwa leo inaweza kulegea mwezi ujao. Hapana mtu aliyeigusa. Basi nini kimeilegeza? Maadui zake ni wanne.

Adui wa kwanza ni mtikisiko. Gari likipita kwenye mashimo na matuta, hutikisika mara nyingi sana. Kila mtikisiko huisogeza nati kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na nati nayo hutoka hivyo hivyo, haba na haba.

Adui wa pili ni mbao yenyewe. Wakati wa mvua za masika mbao hunywa maji, hufura. Wakati wa kiangazi hukauka, hunywea. Bolti iliyokazwa masika itakuwa na nafasi kiangazi. Kwa hiyo gari la bodi la mbao linataka kukazwa tena kila majira yanapobadilika.

Adui wa tatu ni kutu. Kisiwa chetu kimezungukwa na bahari. Upepo huleta chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Gari linalobeba samaki au mwani huchuruzikiwa na maji ya chumvi sakafuni. Bolti za sakafuni ndizo zinazokufa mwanzo.

Adui wa nne ni uzito kupita kiasi. Bolti iliyotengenezwa kushika watu kumi, tukiitwika watu ishirini, itavutika au itakatika.

2. JAMII ZA VIFUNGIO

Msumari. Huu sote tunaujua. Ni rahisi na hupigwa upesi. Lakini msumari hushika kwa kubanwa na mbao tu. Mbao ikitikisika sana, msumari hujitoa. Msumari unafaa kwa kazi ndogo. Usitegemee msumari kushika benchi la watu.

Skrubu, au parafujo. Hii ina meno yanayozunguka mwili wake. Meno hayo huuma ndani ya mbao, kwa hiyo skrubu hushika vizuri kuliko msumari. Hufaa kwa bawaba za mlango, vishikio na kulabu ndogo. Kabla ya kuitia, toboa tundu dogo kwanza. Ukisukuma skrubu nene kwenye mbao kavu bila ya tundu, mbao hupasuka. Tazama mafundi wa majahazi kule Nungwi. Wao hutoboa kwanza kwa keke, ndipo wapige msumari wao. Hawataki mbao ipasuke baharini. Na sisi hatutaki ipasuke njiani.

Bolti na nati. Bolti hupita upande huu wa mbao ikatokea upande wa pili. Huko hukutana na nati. Zote mbili huibana mbao katikati. Hiki ndicho kifungio cha kutegemea kwa mabenchi, nguzo za paa, ngazi ya nyuma na kila kitu kinachobeba watu. Kwa mbao iko bolti yake maalumu. Kichwa chake ni cha mviringo, laini, hakikwaruzi mtu. Chini ya kichwa pana shingo ya pembe nne. Shingo hiyo huingia ndani ya mbao ikauma, na bolti haizunguki unapokaza nati.

Washa. Ni kile kipete cha chuma kinachokaa chini ya nati. Watu wengine hukitupa wakidhani hakina kazi. Sivyo hivyo. Nati peke yake huizamia mbao kama kisigino cha kiatu kwenye tope. Washa pana huugawa mzigo, kama mtu aliyelala juu ya ubao. Kwenye mbao tumia washa pana kila mara.

Nati zisizolegea. Nati ya kawaida hulegea kwa mtikisiko. Ziko njia za kuizuia. Moja ni nati yenye pete ya plastiki ndani yake. Pete hiyo huyakaba meno ya bolti. Nati hiyo ukiifungua mara nyingi, pete huisha nguvu, basi ubadilishe. Njia ya pili ni kutia nati mbili. Unaikaza ya kwanza, kisha unaikaza ya pili juu yake, nazo zinabanana. Njia ya tatu ni pini ya miguu miwili. Hii hupita kwenye tundu la bolti, kisha miguu yake hukunjwa. Nati ikilegea, haiwezi kutoka.

Bolti ya umbo la U. Hii imekunjwa kama kwato ya farasi na ina nati mbili. Kazi yake ni kukumbatia. Hulishika ekseli la magurudumu kwenye springi zake. Katika magari mengi hulishika pia bodi la mbao kwenye chesisi, yaani ule mgongo wa chuma wa gari. Hii ikilegea ni hatari kubwa. Kazi yake mwachie fundi. Wala usikubali mtu yeyote atoboe au aunge chuma kwenye chesisi bila ya fundi anayeijua kazi hiyo. Tundu moja mahali pabaya linaweza kuuvunja mgongo wa gari.

3. TUSOME KICHWA CHA BOLTI

Hapa sasa, ndugu msomaji, ndipo elimu yako ya kusoma na kuhesabu inapofanya kazi. Bolti nyingi zimeandikwa kichwani. Maandishi ni madogo. Futa uchafu kwa kitambaa, uyatazame kwenye mwanga.

Ukiona 4.6 au 4.8, hiyo ni bolti ya nguvu ndogo. Inafaa kwa kazi nyepesi.

Ukiona 8.8, hiyo ni bolti yenye nguvu. Hutumika sana katika magari na mitambo.

Ukiona 10.9, hiyo ina nguvu zaidi.

Nambari hizi zina maana gani? Tazama nambari iliyo kabla ya nukta. Ongeza sifuri moja mbele yake. Utapata, kwa kukadiria, kilo ambazo kila milimita moja ya mraba ya chuma hicho hubeba kabla ya kukatika. Kwa hiyo 4.8 ni kilo 40 hivi. Na 8.8 ni kilo 80 hivi. Na 10.9 ni kilo 100 hivi. Bolti mbili zinaweza kuwa sawasawa kwa urefu na unene, lakini moja ina nguvu mara mbili ya mwenziwe. Kwa macho tu huwezi kuzitofautisha. Lazima usome.

Bolti za magari ya Kijapani mara nyingine zina nambari moja tu kichwani, kama 4 au 7. Hapo pia, nambari ikizidi, nguvu imezidi.

Bolti za chuma kisichoshika kutu zina herufi A. Ukiona A2-70, hicho ni chuma kisichoshika kutu upesi. Ukiona A4-70 au A4-80, hicho huvumilia chumvi ya bahari zaidi. Lakini angalieni. Si kila kinachong'ara ni chuma cha namna hiyo. Bolti nyingi zinang'ara kwa sababu zimepakwa tu. Soma kichwa.

Na kama kichwa hakina maandishi? Basi hujui nguvu yake. Itumie kwa kulabu ya kutundika kikapu. Usiitumie kwa benchi la watu wala kwa gurudumu.

Tusichanganye nambari ya bolti na nambari ya spana. Bolti iliyoandikwa M8 kwenye paketi ina unene wa milimita 8. Lakini spana yake kwa kawaida ni nambari 13, kwa sababu spana hupima upana wa kichwa. Katika magari ya Kijapani bolti hiyo hiyo mara nyingi hutaka spana nambari 12. Ukitumia spana kubwa kidogo, utazila pembe za kichwa na bolti haitafunguka tena.

4. KUTU NA HEWA YA BAHARI

Ukenda Mji Mkongwe, tazama milango ya zamani. Utaona vichwa vikubwa vya shaba na minyororo ya kufungia. Milango mingine imekaa miaka mia na zaidi, karibu kabisa na bahari. Shaba haishiki kutu nyekundu kama chuma. Hufifia rangi tu, ikasuguliwa ikang'ara tena. Wazee walijua hewa ya kisiwa chao.

Kwenye gari hatuwezi kutumia shaba kila mahali, maana shaba ni laini kuliko chuma na bei yake ni kubwa. Inafaa kwa komeo na skrubu ndogo. Kwa kazi ya nguvu tufanye hivi:

(a) Tununue bolti zilizopakwa zinki. Zinki ndiyo inayolipakwa bati la kuezekea nyumba. Chumvi huila zinki kwanza, chuma kikasalimika kwa muda. Zinki ikiisha, kutu huanza.

(b) Tupake rangi au grisi sehemu ya bolti inayotokeza nje. Lakini nati za magurudumu tusizipake mafuta wala grisi, isipokuwa kama kitabu cha gari kimesema hivyo.

(c) Tuoshe gari kwa maji baridi ya kisima au ya mfereji kila linapobeba samaki au mwani. Tuoshe na chini yake pia.

(d) Tuache matundu madogo sakafuni ili maji yatoke. Maji yaliyotuama yanaozesha mbao na kula chuma kwa pamoja.

Bolti iliyoliwa na kutu hata ikawa nyembamba katikati, usiipake rangi ukaiacha. Kuipaka rangi ni kumvisha kanzu mpya mgonjwa. Itoe, utie nyingine.

5. KUFUNGA MZIGO

Gari lina breki, lakini mzigo hauna breki. Gari likisimama ghafla, mzigo hutaka kuendelea na safari. Kanuni zinazotumika katika nchi za Ulaya zinasema hivi: mzigo ufungwe kiasi cha kuzuia nguvu ya mbele iliyo sawa na sehemu nane za kumi za uzito wake. Nguvu ya pembeni na ya nyuma ni nusu ya uzito wake.

Tufanye hesabu. Gunia moja lina kilo 50. Sehemu nane za kumi za 50 ni 40. Kwa hiyo gunia hilo, gari likifunga breki kwa nguvu, linaweza kusukuma mbele kama kilo 40. Magunia kumi ni kilo 400. Je, ile kamba uliyoifunga jana, itazuia kilo 400?

Kamba. Wazee wetu wa pwani waliunda mitepe, na mbao zake walizishona kwa kamba za makumbi, bila ya misumari. Vyombo hivyo vilisafiri baharini. Basi kamba si kitu cha kudharau. Kamba ya makumbi huvumilia maji ya chumvi, lakini huvutika. Kamba ya katani ina nguvu, lakini ikikaa na maji huoza. Kamba ya nailoni ni imara, lakini jua huidhoofisha. Ukiona kamba imekuwa ngumu, imepauka na inatoa unga, usifungie mzigo wa paani. Ifanye ya kuanikia nguo.

Mpira wa tyubu. Huu tunaupenda sana sote. Hubana vizuri kitu chepesi kama godoro au kikapu. Lakini mpira huvutika. Mzigo mzito ukianza kusukuma, mpira hunyooka na mzigo hutoka. Usiuache peke yake kwenye mzigo mzito.

Mikanda ya kukaza. Siku hizi iko mikanda yenye kikazio cha chuma chenye meno. Mkanda mzuri umeshonewa kibandiko chenye maandishi. Tafuta herufi LC. Mbele yake pana nambari, tuseme 2500 daN. Maana yake ni karibu kilo 2500 za nguvu ambazo mkanda unakubali kushika. Ukiona kibandiko kimetoka, hujui nguvu ya mkanda huo. Mkanda usiupige fundo, maana fundo huupunguza nguvu. Na pale unapopita kwenye ncha kali ya bati, weka kipande cha gunia au mpira katikati.

Mahali pa kufungia. Kamba ni imara kadiri ya kile kilichofungiwa. Ukifungia kamba nzuri kwenye msumari, umefunga kwa msumari. Tia pete za chuma kwenye nguzo za bodi, zipitishwe kwa bolti na washa pana upande wa pili.

Vitu vizito viwekwe chini, vyepesi juu. Paa lenye mzigo mzito hulifanya gari liyumbe kwenye kona.

6. KULIBORESHA GARI

Gari likishakuwa imara, tunaweza kuliongezea vitu vya kuwasaidia abiria. Vitu hivi si ghali sana.

Vishikio vya chuma vya kushikia mtu anapopanda na anapokaa. Vifungwe kwa bolti zinazopita mbao nzima.

Kipago cha chini cha kupandia, kiwe karibu na ardhi, kwa ajili ya wazee na mama wajawazito. Kifungwe kipande cha mpira wa gurudumu juu yake ili mtu asiteleze.

Turubai za pembeni za kuteremsha wakati wa mvua. Ziwe na vitanzi, na kulabu zake bodini. Kulabu zielekezwe chini au zikunjwe, zisipasue nguo ya mtu wala jicho la mtoto.

Vipande vya mpira baina ya chuma na mbao. Hivi hupunguza kelele na mtikisiko, na chuma hakili mbao.

Komeo la mlango wa nyuma lenye kizuizi cha pili, kama pini au mnyororo. Komeo moja likifunguka, la pili linashika.

Mahali maalumu pa kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza. Vifungwe, lakini viweze kufunguliwa upesi kwa mkono mmoja.

7. DAKIKA KUMI KABLA YA SAFARI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukaguzi mdogo wa asubuhi unatosha kuokoa mambo makubwa. Fanya hivi:

Kwanza, zunguka gari lote. Tazama, gusa, tikisa. Shika kila benchi, ulisukume mbele na nyuma. Shika vishikio, uvivute kwa uzito wako.

Pili, tazama alama za rangi. Hii ni mbinu nzuri na haina gharama. Ukishakaza nati, chora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya nati na kuendelea kwenye bolti au kwenye chuma kilicho jirani. Kila asubuhi tazama mstari. Ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Ukiwa umekatika, nati imesogea. Hata mtoto wa skuli anaweza kuuona.

Tatu, tazama nati za magurudumu. Hizi hukazwa kwa msalaba. Ukaze moja, kisha ile inayoielekea, mpaka zote ziishe. Usizikaze kwa kufuata duara, maana gurudumu litakaa upande. Gurudumu likishatolewa na kurudishwa, nati zake zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kutoka mjini hadi Nungwi ni kilomita 60 hivi. Kwa hiyo ukibadilisha gurudumu mjini, zikaguliwe tena ukifika Nungwi. Angalieni pia: baadhi ya malori ya zamani ya Kijapani yana nati za upande wa kushoto zinazokazwa kinyume. Mara nyingi pameandikwa herufi L. Mtu asiyeisoma hudhani anakaza, kumbe anafungua.

Nne, sikiliza. Gari lina lugha yake. Mlio mpya ni habari mpya.

Jambo lolote la breki, usukani, springi na magurudumu ni kazi ya fundi. Kazi yetu sisi ni kuona na kusema.

8. MAMA ALIYESOMA

Tunataka kumaliza kwa habari moja ya kufurahisha. Katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, akina mama wanaolima mwani walikuwa na gari dogo la mizigo la kikundi chao. Walitaka kutia mabenchi mapya mawili. Kijana akatumwa mjini kununua bolti 16. Akarudi nazo kwenye mfuko.

Tulikuwapo siku hiyo, kwa ajili ya darasa la jioni. Mama mmoja, aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu tayari, alizimwaga bolti zile mkekani. Akawa anazigeuza moja moja, miwani puani. Kisha akatuita.

"Mwalimu, hebu njoo. Hii imeandikwa nane nukta nane. Na hii nane nukta nane. Lakini hii hapa ni nne nukta nane. Mbona si sawa?"

Tulizihesabu pamoja. Bolti 11 zilikuwa za 8.8 na bolti tano zilikuwa za 4.8. Zote ziling'ara vilevile. Kijana akasema, "Lakini bibi, zote zimeingia kwenye nati. Zitashika tu."

Mama akamjibu, "Mwanangu, kuingia zimeingia. Lakini watakaokaa juu yake ni mimi na wenzangu. Tulitaka sampuli moja, tukapewa mbili. Kazirejeshe."

Zikarejeshwa. Mwenye duka hakugombana. Alisema zilichanganyika ndani ya kisanduku, akazibadilisha. Mabenchi yakafungwa kwa bolti 16 za namna moja, na mstari wa rangi nyekundu kwenye kila nati.

Tulimkumbuka yule mama mzee wa safari ya Makunduchi. Lau katika gari lile angekuwamo mtu mmoja wa kuinama na kusema, "Dereva, benchi hili halina nati," mkono ule usingevunjika. Ndugu zetu, macho tunayo, na kusoma sasa tunajua. Tusione haya kuinama, wala tusione haya kusema.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja maadui wanne wanaolegeza au kuharibu vifungio. Katika kijiji chenu, yupi anaharibu zaidi?

2. Kwa nini benchi la watu lisifungwe kwa misumari peke yake?

3. Bolti moja imeandikwa 4.8 na nyingine 8.8. Ipi ina nguvu zaidi? Zaidi kwa mara ngapi?

4. Ukiona benchi limelegea ndani ya gari ulilopanda, utamwambia nani? Utamwambiaje ili asikasirike? Igizeni wawili wawili: mmoja dereva, mmoja abiria.

HESABU

1. Benchi moja linataka bolti 8. Kila bolti inataka nati 1 na washa 2. Kwa mabenchi 4, tununue bolti ngapi, nati ngapi na washa ngapi?

2. Magunia 6 yana kilo 50 kila moja. Gari likifunga breki kwa nguvu, magunia yote pamoja yatasukuma mbele kama kilo ngapi?

Majibu: (1) Bolti 32, nati 32, washa 64. (2) Kilo 240.

KAZI YA VITENDO

Nendeni pamoja kwenye gari lolote la kijiji, au hata gari la ng'ombe, kwa ruhusa ya mwenyewe. Someni vichwa vya bolti kumi. Andikeni kila nambari mnayoiona kwenye daftari. Kisha hesabuni: ngapi zimelegea, ngapi zina kutu, ngapi hazina nati. Msomeeni mwenye gari orodha hiyo kwa sauti, kwa adabu.

MANENO YA KUJIFUNZA

Bawaba: chuma kinachoshikilia mlango ili ufunguke na kufungwa.
Chesisi: mgongo wa chuma wa gari, ambao bodi hukaa juu yake.
Keke: chombo cha fundi cha kutobolea mbao.
Komeo: kifungio cha kuzuia mlango usifunguke.
Kipago: mahali pa kukanyaga wakati wa kupanda.
Zinki: madini yanayopakwa juu ya chuma ili kisishike kutu upesi.